Mdhamini Wangu Marehemu

Usiku ule nilipanda kitandani shingo upande, maana nilijua kesho yake saa tatu asubuhi benki ingempigia simu Mwalimu Mgaya, na Mwalimu Mgaya alikuwa kaburini wiki ya tano.

Ngoja nieleze kwanza, nikianza na ndoto moja kwa moja mtasema nimerukwa na akili. Mimi nimesoma chuo kidogo sana, kule juu Njombe kwenye baridi, chuo cha historia, falsafa na lugha, ambako wanafunzi wote tunajuana kwa majina. Ukikitaja mjini watu wanadhani ni seminari. Na kutoka huko, mtoto wa mama mkulima wa viazi, nikaamua nataka kuingia benki ya uwekezaji. Si benki ya kuweka akiba na kupanga foleni dirishani. Nasema wale wanaokaa ghorofani, wanaosaidia makampuni makubwa kununuana na kuuza hisa. Waulize wafanyakazi wa pale wamesoma wapi, utasikia Ulaya, utasikia vyuo vikubwa vya biashara. Mimi nimesoma falsafa. Makubwa!

Aliyenitia wazimu huo ni Mwalimu Mgaya, aliyetufundisha historia. Kila Jumamosi alitukusanya darasani watu sita au saba, akaandika ubaoni bei za hisa kutoka gazetini, na gazeti lenyewe lilikuwa likifika chuoni limeshakaa siku tatu njiani. Tulinunua na kuuza kwa mdomo tu. "Bei mnazozisoma nyinyi, wenzenu wameshazisahau," alikuwa akisema. "Kwa hiyo msifukuzane na bei. Isomeni kampuni." Alitufundisha kusoma hesabu za kampuni kama alivyosoma barua za zamani: nani anasema, na nini hataki kukisema. Nilimpenda yule mzee. Nalitamka waziwazi kwa sababu niliyoyafanya baadaye hayafanani na upendo.

Nilipoomba kazi, yeye ndiye niliyemwandika kuwa mdhamini, mtu wa kunishuhudia, na akaniandikia barua nzuri. Hatua ya kwanza ya usaili nikapita. Ya pili nikapita. Bi. Rehema, mama anayesimamia ajira pale benki, akaniambia bila kuficha: "Chuo chenu hatukijui. Barua ya mwalimu wako ndiyo iliyokuweka mezani. Mwishoni tutapenda kuongea naye." Kabla ya hatua ya tatu Mwalimu akafa kwa ugonjwa wa kifua. Siku ya kumzika ikaangukia siku ya usaili wangu wa tatu, na mimi nikaenda kwenye usaili.

Ningesema tu kwamba mdhamini wangu amefariki, wangenipa pole, pengine wangetafuta mwingine. Leo naliona hilo. Wakati ule niliona nikimwondoa Mwalimu mezani na mimi ninaondoka naye. Tena wangeuliza amezikwa lini, ningewajibu nini? Basi nikawaandikia kwamba Mwalimu amebadilisha namba, nikawapa namba ya binamu yangu Beno, ambaye nakaa naye chumba na sebule huku mjini, Tabata. Beno ana sauti nzito. Kazi yake ni kurekodi matangazo ya maduka ya Kariakoo, yale ya kipaza sauti. Jioni ile tukafanya mazoezi. Nikamfundisha namna Mwalimu alivyokuwa akivuta maneno, na namna alivyokuwa akikohoa. Ndiyo, kikohozi kilekile kilichomuua. Beno akakipata mara ya tatu, tukacheka. Tukala, tukalala.

Nikajikuta chini ya jengo la benki, kwenye foleni ya wageni. Mlinzi ana daftari, kila mtu anaandika jina. Mbele yangu kuna mzee amevaa koti la mvua la kijani, viatu vimejaa udongo mwekundu, na kwenye sakafu ile inayong'aa ameacha alama tangu mlangoni. Akainama kuandika. Nikautambua mwandiko kabla ya kuutambua uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Maishani mwake hakuwahi kuninyima marahaba, hata siku aliponikasirikia. Nikachungulia daftari. Pale panapoulizwa umekuja kumwona nani ameandika jina langu, Eliya. Mlinzi anamwambia, "Mzee, hapa hujajaza saa ya kutoka." Mwalimu ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayeijua.

Tukapanda lifti wawili tu. Koti lake linadondosha maji, na nje hakuna mvua. Milango ikafunguka, kumbe hatuko ghorofani, tuko darasani kwetu, ukungu unaingia madirishani kama enzi zile, ubaoni kuna bei za hisa kwa chaki. Wasaili watatu wamebanana kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamewafika kifuani. Bi. Rehema yuko katikati. Mimi nasimama mbele yao. Mwalimu anapita nyuma yangu, anajilaza juu ya meza ya mwalimu, chali, taratibu, mikono kifuani, anafumba macho. Nasikia anavyoshusha pumzi, pumzi ya mtu aliyefika kwake.

"Mwalimu wako yupo?" anauliza Bi. Rehema.

"Yupo," nasema.

Meza inalia nyuma yangu. Mwalimu anaamka, anakaa. Bi. Rehema anaandika kitu kwenye karatasi yake. Mwalimu anajilaza tena.

"Yupo?"

"Yupo."

Anaamka. Safari hii anaanza kwa kiwiko, anapumzika, ndipo anakaa, na udongo unadondoka kutoka kwenye koti. Naomba moyoni wasiulize tena. Wanauliza, na mimi, kwa kinywa hikihiki, nasema, "Yupo, tena anawasalimu." Mwalimu anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anajivuta, anashindwa, anajaribu tena, anaweza. Jamani, sijawahi kuona mtu amechoka namna ile. Nimemuuguza baba yangu mpaka mwisho, na kwake sikuona uchovu wa namna ile.

"Basi atueleze habari zako," anasema mmoja wa wasaili.

Mwalimu anafungua kinywa, na sauti inayotoka ni ya Beno: "Wahi mapema, mzigo mpya umeingia, bei chee, chee, chee!" Anashtuka mwenyewe. Anajishika koo. Anajaribu tena, inatoka ileile: "Usisubiri kusimuliwa, mama, njoo uchague mwenyewe!" Wasaili wanacheka mpaka madawati yanatikisika. Na mimi nacheka. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko yote. Namtazama mzee wangu anaitafuta sauti yake shingoni kwa vidole, na mimi nacheka ili wale watu waone tuko pamoja.

Kicheko kile kikaendelea mpaka kikawa upepo, upepo wa kwetu unaopita kwenye miti ya mbao, na mimi niko nyuma ya nyumba ya Mwalimu, nimevaa suti yangu ya usaili. Watu wengi wamenipa mgongo. Nikajua ni mazishi, nikafurahi, nikasema moyoni kumbe sikuchelewa! Kisha naona makoti yao yameganda umande mweupe wa siku nyingi. Masufuria ya msiba yamepoa, mafuta yamekuwa meupe juu ya mchuzi. Vijana wameegemea makoleo. Kaburi liko wazi.

Mama Neema, mke wa Mwalimu, akageuka. Huyu ni mama aliyekuwa akitupa viazi vya kuchemsha kila Jumamosi, na mimi akinipa zaidi kwa kuwa alisema nimekonda. Macho yake makavu.

"Mama, mbona hamfukii?"

"Tumfukie nani?" akasema. "Hayumo. Unaye wewe."

Nikachungulia. Jeneza liko chini, limefunikwa vizuri, na ni jepesi. Sikuligusa, ila nilijua ni jepesi, kama mtu anavyojua mambo ndotoni. Na Mwalimu yuko kando yangu, mimi nimemshika mkono wa koti. Sijui nilimshika tangu lini. Pengine tangu kule kwenye lifti.

Nikaanza kujitetea. Mwalimu, nikasema, unajua nilivyohangaika. Mwaka na nusu natembeza karatasi kwenye maofisi, wakifika kwenye jina la chuo wananirudishia kwa tabasamu. Mama amezeeka shambani. Wadogo zangu wananisubiri mimi. Wewe mwenyewe ulisema kazi hii naiweza, sasa ningefanyaje, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikasema mengi. Upepo unavuma, hakuna anayenikatiza, na kadiri ninavyosema ndivyo ninavyojisikia vibaya.

Akaniacha nimalize, kama alivyokuwa akimwacha mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Kisha akasema, na sasa sauti ni yake mwenyewe, ile ya polepole:

"Niliwaandikia ukweli nilipokuwa hai. Sasa waambie nimekufa."

"Wataninyima kazi, Mwalimu."

"Pengine."

Nikangoja aongeze neno. Alikuwa na kawaida hiyo, ukishavunjika moyo anakuongezea kitu kidogo cha kukuinua. Hakuongeza. Akautazama mkono wangu uliokuwa kwenye koti lake.

"Kila wakikuuliza, unaniinua," akasema. "Nimechoka, Eliya. Niachie."

Akatanguliza mguu mmoja kuteremka shimoni. Mimi nalia, nasema nakuachia Mwalimu, nakuachia sasa hivi, na vidole havifunguki. Vinazidi kubana. Naye amesimama pale, mguu mmoja ndani, mwingine nje, ananingoja, na mbele za watu wote wale na mke wake, sikumwachia. Katika hali hiyo nikaamka.

Jua lilikuwa limefika kitandani. Nilikuwa nimelia kweli, mto umelowa. Nikaangalia saa: tatu na dakika kumi. Na kutoka sebuleni nikasikia mtu anazungumza, taratibu, anavuta maneno, nikadhani amenifuata mpaka nyumbani.

"Kijana mwaminifu kabisa, binti yangu," sauti ilikuwa ikisema. "Huyo nakuambia mimi niliyemfundisha."

Nikaenda mpaka mlangoni na bukta yangu. Beno amekaa kwenye kochi, simu sikioni, anaifanya kazi ile vizuri kuliko jana. Aliponiona akanikonyeza, akanyanyua dole gumba. Nikaona usoni mwake kwamba kazi nimepata. Sikuhitaji kufanya kitu chochote. Ningerudi tu kitandani nikajifunika dakika mbili tatu, mambo yangekwisha.

Nikanyoosha mkono. Beno akaziba simu kwa kiganja.

"We vipi? Tumeshamaliza! Ananiaga tu hapa."

"Nipe simu."

"Eliya, usilete ujinga, kaka. Mama mkubwa anakula wapi usipopata hii?"

"Nipe simu, Beno."

Akanipa huku ameshika kichwa.

"Bi. Rehema, shikamoo. Ni Eliya."

"Marahaba! Kumbe uko hapohapo na mwalimu wako," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu mwenye habari njema. "Amekusifu huyo, acha tu."

"Mwalimu Mgaya amekufa," nikasema. "Tulimzika... hapana. Walimzika. Siku ileile niliyokuja kwenu usaili wa tatu. Mimi sikwenda. Nilitakiwa kuwaambia, sikuwaambia."

Nikasikia ofisi yake nyuma, mtu anacheka mbali, mashine inatoa karatasi.

"Pole sana, Eliya," akasema, na naamini alimaanisha. Kisha akauliza: "Sasa huyu niliyekuwa naongea naye ni nani?"

Beno ananitazama, anatikisa kichwa, midomo yake inasema usiseme, usiseme.

"Ni binamu yangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuongea hivyo."