Choo Kimoja, Mkwe na Mama Mkwe

Miaka ile ya wakimbizi, Ngara mjini kulichangamka ghafla. Wazungu wa mashirika walitaka pa kulala, na mfanyabiashara mmoja akajenga fleti ambazo sisi wauguzi wa kambini tulizitazama kwa nje tu. Vigae chini, pazia mpaka sakafuni, maji ya moto bombani, na mhudumu wa kubadili mashuka kila asubuhi hata kama hujayachafua. Bosi wangu alipokwenda likizo alinipa ufunguo wa fleti yake. Alijua kwamba nina mimba tena, na kwamba mtoto wangu wa kwanza alifia tumboni, ndani ya gari lililokwama kwenye tope kati ya kambi na hospitali.

"Safari hii subiri hukuhuku mjini," aliniambia.

Nilihamia na mume wangu, aliyekuwa akishinda Rusumo akihangaika na mizigo ya malori forodhani. Siku ya kwanza nilioga maji ya moto hadi vidole vikakunjamana, kisha nikajilaza kwenye sofa jeupe, miguu juu, nikajiona mke wa balozi. Lakini hofu haikuisha. Nilimtaka mama yangu.

Mama alikuja kutoka Murukulazo na kikapu cha maharage. Alipoona viatu vya mume wangu mlangoni, aliweka kikapu chini, akakaa barazani.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Kijijini hilo si tatizo: kuna njia ya nyuma, kuna jiko la nje, kuna majirani. Aliyejenga fleti hakuyafikiria hayo. Kulikuwa na korido moja, na mwisho wa korido bafu moja lenye choo humohumo.

"Nipishane naye hapo nimejifunga kitenge?" mama aliuliza. "Mimi?"

"Mama, nikizidiwa je?"

"Ndiyo maana nimekuja. Lakini haya nayo ninayo, mwanangu."

Nilikasirika, kisha nikalia. Mhudumu, mwanamke wa Kihaya, akatukuta tumenuniana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti hii nyumba ni ya mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Ni ya tajiri. Mkwe wako ni mgeni tu, kama wewe."

Mama akafikiri. Nyumba ya mtu mwingine, wageni wote wawili: hilo lilikuwa na nafuu yake. Akaingia, lakini kwa masharti. Asubuhi bafu ni la mume wangu, mchana ni lake. Jioni mume wangu ale chumbani, mlango umefungwa. Alipotaka kupita ilibidi akohoe kwanza, na mama mzima na heshima zake anatimkia jikoni, kitenge usoni. Nilikuwa nacheka mpaka mtoto ananipiga mateke.

Jumapili mume wangu hakwenda Rusumo. Alikuwa bafuni ananyoa ndevu, mama yuko jikoni, uchungu uliponishika pale koridoni. Chupa ilipasuka, nikateleza kwenye vile vigae vya fahari, nikaanguka na nisiweze kuinuka. Mama alikuja mbio, akanivuta kwapani, akashindwa. Mlango wa bafu ukafunguka kidogo, kisha ukafungwa tena. Nilijua kilichotokea. Amemwona mama mkwe mbele yake, kichwa wazi, kitenge kimeanguka, na malezi yake yote yamemrudisha ndani.

"Toka!" nilipiga kelele. Hakutoka. Leo simlaumu, ila siku ile ningemrarua.

Mama akaugeukia mlango. Tangu tuoane hakuwahi kumsemesha, kila neno lao lilipitia kwangu.

"Baba, toka," alisema. "Toka umshike mkeo. Mimi nguvu sina."

Akatoka, povu la sabuni shavu moja. Wakanibeba, yeye kwapani, mama miguuni, huku wakielekezana: geuza, taratibu, shika hapo. Mhudumu alisikia kelele zangu, alikuwa ameshasimamisha gari nje. Hospitali ilikuwa karibu na barabara ilikuwa kavu. Hatukukwama popote.

Mtoto alilia kabla sijauliza kama yu hai. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Kifua changu kilifunguka, nikalia na kucheka kwa pamoja, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru bosi, nikaishukuru hata barabara.

Mkunga alimviringisha mtoto kwenye nguo, akampa mama. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama sakafu, kama ipasavyo mkwe mwenye adabu. Mama angeweza kumlaza mtoto kitandani na kujitenga kando, ili mkwewe aje kumchukua. Ndivyo tunavyofanya. Badala yake alimfuata mpaka pale mlangoni, akamtazama usoni, akamweka mtoto mikononi mwake.

"Mpokee," alimwambia. "Huyu amefika."