Mabuu Weusi kwenye Maharage

Nilipopangiwa kijiji cha Matiri kuwa bibi shamba, chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kuleta dawa za wadudu, na zile za maduka ya watu binafsi wengi hawakuzimudu. Mama mmoja mjane aliniita shambani kwake. Maharage yake yalikuwa yamejaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, na katikati yao walitambaa mabuu weusi wenye miiba.

"Na hawa ni wadudu gani?" aliuliza.

Sikuwajua. Niliona aibu kusema hivyo, nikamwambia awaokote na kuwaponda kila asubuhi.

Niliondoka na wanne ndani ya chupa, pamoja na majani yenye vidukari. Kesho yake vidukari wote walikuwa wameliwa. Niliwaongezea wengine kila siku, mpaka baadaye mabuu wale wakageuka wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi mgongoni. Hao niliwajua. Chuoni tulifundishwa kwamba wanamsaidia mkulima, ila mabuu yao hatukuonyeshwa.

Nilirudi kwake kwa miguu.

"Shikamoo, mama. Nilikuelekeza vibaya. Usiwaue tena."

"Marahaba. Niliwaponda siku moja tu," alisema, huku akiendelea kupalilia. "Kesho yake nikakaa kuwaangalia. Nikaona wanakula vidukari, nikawaacha."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilihofia utaona haya."

Maharage yale yalizaa vizuri. Katika mkutano wa wakulima uliofuata nilimwomba yeye aeleze alichokiona, nami nikaketi kwenye nyasi pamoja na wengine, nikimsikiliza.