Hita ya Baba na Safari ya Wang'uru

Juzi, asubuhi moja ya ukungu wa mwezi wa saba, mwenzangu wa ofisini hapa Nyeri alitoa stoo hita ya umeme ambayo haikuwa imeguswa tangu baridi ya mwaka jana, akaiwasha. Bila shaka mnaijua ile harufu: vumbi linaloungua polepole, na nyuma yake kitu kama mpira uliopata moto. Wengine waliziba pua. Mimi nilianza kucheka peke yangu mpaka nikaulizwa kama niko sawa. Nilijaribu kueleza nikakatizwa na simu, kwa hivyo nitawaeleza nyinyi, mlio na subira.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kila alfajiri alizunguka mashamba ya Kiganjo akikusanya mitungi, na katika shamba moja la mzungu mzee aliona, chini ya turubai lililojaa kinyesi cha kuku, gari dogo jekundu la mbio la miaka ya kale. Lilikuwa na viti viwili, paa la kitambaa na macho mawili ya mviringo ya taa. Mzee yule alipohama alimwachia baba kwa bei ya ng'ombe aliyeacha kukamwa. Baba alilileta nyumbani kwetu Wamagana, huku Tetu, likikohoa moshi, na tangu siku hiyo tukawa na ndugu mwingine.

Mimi nilikaa nyuma ya viti, kwenye kijirafu ambacho nadhani mzungu alikuwa akiwekea kofia. Magoti yalinigusa kidevu. Sikulalamika hata kidogo, kwa sababu shuleni kwetu hakukuwa na mtoto mwingine aliyeletwa na gari jekundu, na mimi sikuwa mtoto mnyenyekevu.

Mama ndiye hakulipenda. Aliuza sweta za mitumba sokoni, na mambo ya baridi alikuwa ameyasomea maishani. Isitoshe, kifua chake hakikuwa kizuri. Mwaka ule alishikwa na kikohozi ambacho hakikusikia tangawizi wala dawa ya hospitali. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na usiku sote tulilala na kuamka pamoja na kikohozi hicho. Ndipo Jumapili moja tukatoka kanisani ndani ya gari la baba, upepo ukiingia kwa milango, kwa sakafu, na kwa sehemu ambazo hatukujua zilikuwa wazi. Tulipofika nyumbani mama alishuka, akafunga mlango polepole. Mama akikasirika kidogo hubamiza mlango. Akiufunga polepole, watu hutafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

"Baba Wambui," akasema, "hii friji yako siingii tena."

"Lakini iko na hita," baba akajibu.

"Ati hita? Hiyo kitu inapumulia goti moja. Hii ingine inakufa."

Kweli hita ilikuwepo, boksi la bati chini ya dashibodi, lenye ukubwa wa mkate, na kweli ilipumulia goti moja. Baba alianza kueleza kwamba gari lilitengenezewa Uingereza, mahali pa baridi, na kwamba wazungu si wajinga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa, kisha akatoa hukumu. Mdogo wa baba, Mwangi, alikuwa amepata mchumba kutoka Wang'uru, na mwezi wa tisa tungeenda kule kwa ruracio, ile sherehe ya kupeleka mahari. Siku hiyo angelijaribu gari mara moja tu.

"Nikifika huko nikikohoa, yule mtu wa Nanyuki akuje achukue."

Yule mtu wa Nanyuki alikuwa mpenda magari ya kale aliyepita kwetu kila mara akiulizia bei. Usiku huo nililia chini ya blanketi. Nilijiona nikienda shule kwa miguu kwenye matope pamoja na watu wa kawaida.

Baba alianza kazi Jumamosi iliyofuata. Alipofungua lile boksi tukakuta ukoo mzima wa panya umeishi humo kwa raha, juu ya godoro la kurasa za kitabu cha nyimbo za kanisa na nyuzi za sweta za rangi zote alizowahi kuuza mama. Soksi yangu niliyochapiwa kwa kuipoteza pia ilikuwemo. Nilidai niombwe msamaha. Sikuombwa.

Ndani ya hita kuna rejeta ndogo ambamo maji moto ya injini hupita, na feni hupuliza joto lake kwa watu. Rejeta yetu ilikuwa imeziba kwa kutu. Baba aliisafisha kwa maji yaliyochemka na magadi ya mama ya kulainishia githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, yote, hata hakuacha ya kuonja. Wiki hiyo tulikula githeri ngumu tukitazamana. Rejeta ilizibuka vizuri sana, na kumbe ni kutu tu iliyokuwa imeishikilia, maana maji yalianza kutoka kwa matundu kila upande.

Sasa mtu mwingine angetafuta rejeta ndogo kama ile. Baba yangu alikuwa mtu wa malori. Alienda kwa mafundi wa mjini akarudi amekumbatia hita nzima ya lori lililokuwa limekufa, pamoja na feni yake, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mbuzi. Ilikuwa hita ya kupasha joto kichwa cha lori, dereva, turniboi msaidizi wake na mizigo yao. Aliipachika chini ya dashibodi ikala nafasi yote ya miguu ya mama isipokuwa kidogo. Kisha akaugeukia upepo. Alikata gambuti zake za zamani akazifanya mpira wa kuzibia milango. Sakafuni alitandika magunia na juu yake blanketi. Vioo vya madirisha, vya kusukuma, alivibandika kwa gundi visisogee tena, na paa la kitambaa akalibandika kuzunguka kote. Alibandika mpaka vidole vyake vikashikana, mama akavitenganisha kwa mafuta ya kupikia bila kusema neno.

Jirani yetu, Baba Kariuki, alikuja kutazama. Aliokota kitu sakafuni.

"Na hii koki umewacha nje?"

Ilikuwa koki ya kufunga maji moto yasiingie kwenye hita. Ilikuwa imeshikwa na kutu, na baba alikuwa ameunganisha bomba moja kwa moja bila hiyo.

"Ya kufunga joto?" baba akauliza. "Hapa Tetu? Wewe umewahi kusikia mtu wa huku akisema afungiwe joto?"

Baba Kariuki alifikiri kwa makini, akiwa amevaa koti juu ya sweta juu ya sweta, akakubali kwamba hajawahi. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka na mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza Wang'uru iko wapi.

Siku ya ruracio tuliondoka kukiwa na ukungu mzito. Wamama wengine walitangulia kwa gari la kukodi, na mama akaingia kwetu amevaa koti, leso ya kichwani, glavu, na shali mabegani. Kati ya miguu yake aliweka kibuyu kikubwa cha uji uliochachushwa, ule ambao wanawake hubeba kupelekea wakwe, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Baba aliwasha feni. Ilinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na joto likatujia. Halikuwa joto la goti moja. Kabla ya Karatina mama alivua glavu. Baada ya Karatina akafungua koti, akavuta pumzi ndefu bila kukohoa, akamtazama baba.

"Leo hii ni gari," akasema.

Baba alipiga honi bila sababu yoyote. Mimi huko kwenye kijirafu nilikuwa nimeshalihesabu gari kuwa letu milele.

Mliopita njia ile mnajua kinachofuata. Barabara huteremka na kuteremka, na unapofika Sagana jua liko pale linakungojea. Mama alivua koti na shali. Baba alilegeza tai. Tuliposhika njia ya Mwea, mashamba ya mpunga yakiwaka pande zote, leso ya mama ilikuwa imelowa na pua yangu ilidondokea magoti.

"Sasa funga," mama akasema.

Baba alikaza macho barabarani.

"Baba Wambui. Funga hii kitu."

"Haifungi."

"Fungua dirisha."

"Nilibandika."

Baba alizima feni, tukapumua kidogo, lakini mara mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Rejeta ya gari lile ilikuwa mzee, na kumbe ile hita ya lori ndiyo iliyokuwa ikiipunguzia mzigo. Akaiwasha tena, mshale ukashuka. Akazima, ukapanda. Kwa hivyo ama sisi tuive, ama injini iive, na baba, dereva mpaka kwenye mifupa, aliokoa injini. Tuliingia Wang'uru mama akiwa ameshikilia mlango wake nusu wazi kwa mkono mmoja, wauza mchele kando ya barabara wakitupungia kwa heshima, wakidhani anawasalimia.

Uji uliochachushwa hauhitaji joto zaidi. Mbele ya lango la wakwe, wanawake wa pande zote mbili wakiwa wamesimama tayari kuimbiana kabla ya lango kufunguliwa, kama desturi inavyotaka, gunzi lilifyatuka likagonga kioo cha mbele na kibuyu kikatapika. Mama alishuka. Poda ilikuwa imechora mito usoni, rinda la kijani lilikuwa na uji kuanzia kiunoni, na mvuke ulimfuata kutoka mlangoni. Mama ndiye aliyekuwa aanzishe wimbo wa upande wetu, na upande wetu wote ulimtazama. Baba alishika usukani, hakushuka.

Mama wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti, alisogea akachungulia.

"Mama, huko kwenu kumenyesha?"

Nilifumba macho. Nilijua mama anaweza kumtaja mtu wa Nanyuki mbele ya ukoo mzima.

"Haijanyesha," mama akasema. "Mimi niko na kifua mbaya. Nikamwambia huyu mzee yangu nasikia baridi, akatengeneza joto hadi ikamshinda kuzima. Mwangi ni wa nyumba hiyo hiyo. Akitunza msichana yenu hata nusu ya hii, hatawahi kusikia baridi. Sasa mtufungulie, hii uji inaisha."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika mpaka kwenye mifereji ya mpunga. Lango lilifunguliwa bila kuimbwa hata ubeti mmoja, na wazee wa kule wakamzunguka baba wakitaka waonyeshwe hita. Aliwafungulia boneti. Alieleza kwa muda mrefu sana.

Mtu wa Nanyuki alikuja wiki iliyofuata, na mama mwenyewe ndiye aliyemrudisha. Alimwambia gari haliuzwi, lakini kama anajua mahali pa kupata koki ya hita, alete.

Jioni ile ya kurudi ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulipopanda kupita Karatina baridi ilirudi, kisha ukungu, na feni ikinguruma. Mama alivua viatu, akaiwekea ile hita nyayo zake, akalaza kichwa mlangoni. Alilala. Hakukohoa Karatina, hakukohoa Nyeri mjini, hakukohoa njia yote ya Wamagana. Kisha nikaona lango letu likija, likipita, na likibaki nyuma.

"Baba, umepita kwetu!"

Baba aliweka kidole mdomoni. Aliendelea na barabara ya kupanda kwenye mashamba ya majani chai, polepole, akikwepa kila shimo, mpaka njia ilipoishia, akageuza gari kwa uangalifu kana kwamba amebeba mayai. Tulipofika tena langoni alipunguza mwendo, akamtazama mama, akapita tena. Mimi nilikuwa na njaa na mkojo, na nilikasirika sana. Niliamini baba anafurahia gari lake, anataka tu kuendelea kuendesha.

Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilidhani mwaka ule wote alikuwa akipigania gari, kama mimi. Mpaka nilipoolewa, nikalala kando ya mtu anayekohoa, ndipo nilipoelewa kwamba katika nyumba ile ya mbao, mama akikohoa, baba naye hakuwa akilala.