Ubao wa Ukuta Wetu

Miaka ile bidhaa zilipoanza kumiminika Arusha, mume wangu alifungua duka la redio, na habari za majambazi zikawa hazikauki mtaani kwetu Sokon One. Akapata kibali cha bunduki ya shotgani. Mchana mmoja alikuja na pakiti mbili za risasi, akapasua moja moja mezani nione. Ya kwanza ilikuwa na marisau madogo kama mtama, ya kuwindia kanga. Ya pili ilikuwa na makubwa kama kunde.

"Haya ndiyo ya majambazi," alisema.

Nilimuuliza, yakimkosa jambazi yanaishia wapi? Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na watoto walilala nyuma ya ukuta wa sebule. Akacheka. Nilikasirika, nikachukua ubao uliobaki tulipojenga na godoro kuukuu, tukaenda navyo shambani kwetu Makumira. Tukasimamisha godoro nyuma ya ubao. Akapiga ile risasi ya marisau makubwa.

Ubao ulitoboka matundu tisa. Nilipoligeuza godoro, nyuma yake nako yalikuwa tisa. Nikaingiza kijiti kwenye tundu moja la godoro, kikatokea upande wa pili.

"Baba watoto, weka yale ya kanga. Si umeona?"

"Nimeona," alisema. "Jambazi hachomoki hapo."

Tuliporudi nyumbani, akapakia zile kubwa kwenye bunduki. Kesho yake, kabla hajarudi kutoka dukani, nilihamishia kitanda cha watoto jikoni, chumba pekee chenye ukuta wa mawe.