Mama wa Maboksi

Enzi uwanja wetu ulipokuwa na ngazi za zege tupu, yule mama alikuwa akitukodishia vipande vya boksi vya kukalia. Kabla hajakutandikia, aliweka kiganja kwenye zege kupima joto, kisha akajifuta vumbi kwenye gauni. "Njoo huku, baba. Hapo utaiva makalio kabla mpira haujaanza!" Watu walicheka, wakahama.

Halafu uwanja ukajengwa upya, ukawekewa paa na viti vya plastiki. Tulishangilia sana. Siku ya ufunguzi alikuja mikono mitupu, na tiketi kama sisi. Alinikuta sijakaa bado, akakipapasa kiti changu, akauacha mkono pale. "Hapachomi," alisema polepole. "Kaa tu, baba." Akajifuta kiganja kwenye gauni, ingawa kiti hakikuwa na vumbi hata chembe.