Dakika Nane za Jua

Nakumbuka asubuhi moja darasani kule Kabwe, kando ya ziwa, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana mwenye sauti kubwa na majivuno yake. Niliwaambia watoto wa darasa la sita kwamba mwanga unakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde moja, na kwamba ukitoka kwenye jua unatufikia baada ya dakika nane na ushee. Nikawaambia pia kuwa dunia yenyewe inalizunguka jua kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa sekunde, nasi tumekaa juu yake wala hatupepesuki. Mmoja akashika dawati kwa mikono miwili, eti asianguke. Tukacheka wote.

Nilikuwa bado nacheka aliponijia mama mmoja mchuuzi wa dagaa, aliyekuwa akipeleka mzigo Sumbawanga kila wiki. Alikuwa na salamu za mama yangu, aliyeishi peke yake kijijini huko juu Ufipa.

"Anasema macho yanafifia. Anataka akuone kabla giza halijamfunika. Na matuta yako amekuachia."

Sisi Wafipa, mvua zikikaribia kwisha, tunafukia majani ndani ya matuta ya mviringo ili yaoze, udongo upate nguvu. Tangu nikiwa binti, mstari mmoja wa matuta shambani kwa mama ulikuwa wangu, hakuna mwingine aliyeugusa. Nikamjibu yule mama kwamba nitakwenda tukifunga shule. Shule ikafungwa, nikasema barabara ina utelezi. Barabara ikakauka, nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba ziwa lilikuwa limeninogea, na jembe nilishalionea haya. Ikapita misimu mitatu.

Nilipokwenda hatimaye, niliteremka kwenye lori mchana kweupe, nikapitia shambani kwanza. Matuta ya majirani yalikuwa yamepangika vizuri. Ya mama yalikuwa yamepinda, mengine yamepandana, mengine yametengana mno, kazi ya mtu aliyelima kwa kupapasa. Hata mstari wangu alikuwa ameulima hivyohivyo. Nikajua kabla ya kuambiwa, nikakaza mwendo kwenda nyumbani.

Mama alikuwa ameketi mbele ya nyumba, uso kauelekeza kwenye jua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Nikataja jina langu. Akanishika uso, akaupapasa polepole, paji, pua, kidevu. Kisha akaligeukia jua tena.

"Hili siku hizi nalisikia usoni tu. Yule mama wa dagaa aliniambia unafundisha habari zake. Linachukua muda gani kutufikia hapa?"

"Dakika nane, mama."

"Na kutoka Kabwe?"

Mwalimu mzima wa sayansi, nikaona haya kuitaja ile misimu mitatu. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisogea kwenye mkeka anipishe nafasi, akaniuliza kama nimekula.

Leo nami ni bibi, nakaa hapa Chanji, Sumbawanga mjini, peke yangu, redio ndiyo inayoniamkia. Wanangu wa kuwazaa wako mbali. Picha zao zinaingia kwenye simu kabla sijavaa miwani, kila mmoja anacheka. Nazitazama hadi simu inazimika yenyewe, lakini picha haiulizi kama nimekula. Upweke huu unauma, mwanangu, sifichi, na nikiulalamikia najikumbusha nilivyomfanyia mama.

Basi nisikilize. Jifunze mwendo wa mwanga na wa sayari zote, ni elimu nzuri, niliipenda na bado naipenda. Ila ukisikia mzazi anakuita, acha hesabu, panda gari siku hiyohiyo. Jua litachomoza kesho hata usipolingoja. Macho yanayokutamani yana siku zake, na wewe huzijui.

Mungu akufikishe mlangoni kwenu kungali mchana, na ukisema shikamoo, asiwepo wa kukuuliza wewe nani.