Siku Mama Alipopanda Paa la Shule

Mwalimu mkuu mpya alifika shuleni kwetu Malaba juu ya baiskeli, suruali ameikunja upande mmoja isishikwe na mnyororo, na kabla hata hajaiegemeza ile baiskeli ukutani akatuuliza, "Wazazi wenu wako wapi?"

Tulitazamana. Ilikuwa asubuhi ya siku ya masomo. Wazazi walikuwa shambani, sokoni, kwenye reli. Wangekuwa wapi tena?

Uhuru ulikuwa bado mbichi wakati huo. Shule yetu ilikuwa ya misheni, na sasa ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali, kwa hiyo watoto wa Kiislamu kutoka kwenye maduka ya barabarani walikuwa wameanza kuja kusoma pamoja nasi. Mimi ni Mteso. Niliyeketi naye alikuwa binti wa mzee mmoja mwenye duka na lori, msichana mwenye ushungi mweupe ambaye alikuwa akicheka hata wakati wa hesabu. Nyuma yetu walikaa Waluhya waliotoka upande wa Busia. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ingawa kila mmoja alikivunja kwa namna ya kwao.

"Hii shule si ya padri tena," mwalimu mkuu alituambia siku hiyo kwenye mstari, akipaza sauti kama mtu anayenadi ng'ombe. "Si yangu pia. Mimi natoka Marachi, naweza kuhamishwa kesho. Shule ni ya wazazi wenu. Ijumaa nataka kila mtoto aje na mzazi wake hapa!"

Siku hizo mzazi aliitwa shuleni kwa sababu moja tu: mtoto wake ameharibu. Kwa hiyo nilipofika nyumbani na kumwambia mama kwamba mwalimu mkuu anamtaka, aliweka chini jembe lake polepole.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mwalimu haiti mtu bure. Umeiba?"

"Hapana! Wameitwa wazazi wote."

"Basi mmeiba wote," alisema mama, akaingia ndani.

Kesho yake mwalimu mkuu akaniuliza nani atanisindikiza. Nikamwambia, "Toto atakuja." Akanikazia macho. "Sikusema mlete watoto, nimesema wazazi!" Wateso wote darasani wakaangua kicheko. Ikabidi binti mwenye ushungi amweleze, kwa sababu alikuwa ameshazoea kuja kwetu, kwamba kwa Kiteso mama ndiye huitwa toto. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Tangu siku hiyo kila alipomwona mama yangu alimsalimu, "Habari ya leo, Toto," na mama alijifanya hakupenda.

Ijumaa ilifika. Sijawahi kuona watu wazima wengi kiasi kile wakiwa na hofu mahali pamoja. Walisimama chini ya kivuli cha ukuta wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Baba mmoja alikuja na fimbo kabisa, ili aanze kazi papo hapo akishaambiwa kosa. Mzee mwenye duka alikuwa amesimama kando na kofia yake ya kufuma, kwa sababu hakuwahi kukanyaga uwanja ule enzi za misheni. Mama yangu alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye niliyempeleka yeye kuandikishwa.

Mwalimu mkuu akatoka nje, akatazama zile nyuso, akaelewa.

"Hakuna mtoto aliyefanya makosa," alisema. "Shule hii sasa ni yenu, nimewaita muone kwenu."

Yule mwenye fimbo aliificha nyuma ya mgongo wake.

Tukawatembeza. Kila mtoto alimwongoza mzazi wake, na sisi watoto tulikuwa tumepandwa na wazimu wa furaha, tunavuta watu wazima kwa mikono, tunawaonyesha ubao, ramani, kengele iliyotengenezwa kwa kipande cha reli. Nilimwonyesha mama mahali ninapokaa. Alitazama ule mti wa mbugambuga uani, mawe yaliyopangwa chini yake, na ubao ulioegemezwa kwenye shina.

"Darasa lenu liko wapi?"

"Ni hapa."

"Hapa nje?"

"Madarasa ya ndani ni ya wakubwa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tunarudi nyumbani."

Mama alitazama juu kwenye matawi. Nilijua anafikiria nini. Mara kadhaa msimu ule nilikuwa nimefika nyumbani mapema, nimelowa, na nikamwambia kwamba mwalimu ametuachilia. Hakuniamini. Alinichapa akisema kwamba nimetoroka, kwa sababu kwa akili yake shule ni nyumba, na nyumba haifungwi kwa mvua.

Alinigeukia. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiacha pale kwa muda. Hakusema pole, mama yangu hakuwa mtu wa maneno hayo. Lakini mwalimu mkuu alipowakusanya wazazi na kuuliza kama kuna mwenye neno, na wanaume wote wakaangalia viatu vyao, mama alisimama. Sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu. Sauti ilianza chini, kisha ikapanda.

"Mimi nilifikiri mtoto wangu ananidanganya. Kumbe anasoma chini ya mti kama mbuzi. Mwalimu, wewe umesema shule ni yetu. Basi mimi sitaki mtoto wangu akae nje. Tuonyeshe mahali pa kujenga, tujenge!"

Kelele zilizotoka pale! Akina mama walipiga vigelegele, watoto tukarukaruka bila kujua tunarukia nini. Mzee mwenye duka akanyoosha mkono na kusema lori lake litabeba mchanga na miti. Baba mwenye fimbo akaichomeka ardhini kuonyesha kona ya kwanza ya darasa. Ndiyo kazi pekee ambayo fimbo ile ilifanya siku hiyo.

Tulijenga. Nasema tulijenga kwa sababu hata sisi watoto tulikanyaga udongo kwa miguu hadi magotini, tukiimba, nyimbo za Kiteso zikipokewa na za Kiluhya, na binti mwenye ushungi akiwa amejifunga kanga ya mama yake kiunoni, amechafuka mpaka kwenye nyusi. Wanaume walisimamisha nguzo na kufunga fito. Akina mama walipanda kutoka mtoni na mitungi, msururu mrefu, wakitaniana na madereva wa malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva wengine walishuka wakasaidia kidogo, kisha wakaondoka zao bila kuaga. Kuku waliuzwa, njugu zikauzwa, na lori la mzee likaja na mabati mapya yaliyong'aa hata yakaumiza macho. Hakuna aliyebaki nyumbani. Ikiwa hukwenda, ulitumiwa mtu kukuuliza kama unaumwa.

Baba yangu ndiye hakuwepo. Alifanya kazi ya reli Tororo, upande wa pili wa mpaka, na alikuja Jumamosi tu. Kwake shule ilikuwa kazi ya walimu. "Mimi simwambii mwalimu aje kukaza reli," alikuwa akisema, "kwa nini aniite nifundishe?" Mama hakubishana naye. Aliamka tu mapema zaidi na kwenda.

Siku ya kuezeka ilikuwa Ijumaa nyingine. Kuta zilikuwa zimekandikwa karibuni, udongo bado mbichi, na fundi alikuwa amepigilia mabati ya upande mmoja. Mchana Waislamu walikwenda msikitini, na karibu wanaume wengine wote walikwenda Chakol kwenye mazishi. Pale palibaki fundi, mwalimu mkuu, akina mama na sisi.

Kutoka uwanjani kwetu ungeweza kuliona jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba ulio ng'ambo ya mpaka. Mtu wa Malaba hahitaji kuambiwa kuhusu mvua, anatazama jiwe. Nilikuwa nimebeba misumari kwenye kopo niliposikia mama mmoja akisema kwa sauti ndogo, "Jiwe limepotea."

Tukageuka wote. Mahali palipokuwa na mwamba palikuwa na ukuta wa kijivu, unakuja.

"Mabati!" fundi alipiga kelele kutoka juu. "Nipeni mabati upesi! Mvua ikiingia, kuta zote zitaporomoka!"

Upepo ulitangulia. Mwalimu mkuu alivua viatu, akapanda, akakalia bati la kwanza lisipeperuke. Fundi akapiga msumari. Bati la pili likainuka upande wa mwisho kama linataka kuruka.

"Nataka mtu mwingine huku! Mwanaume! Hakuna mwanaume huko chini?"

Hapakuwa na mwanaume. Na kwetu mwanamke hapandi paa. Si Wateso tu, hata Waluhya walisema hivyo hivyo: mwanamke akipanda juu ya nyumba ni mkosi, ni aibu kwa mume wake, hata watu wangeacha kuja kwao. Akina mama walitazamana. Tone la kwanza lilinipiga shavuni, zito na baridi.

Mama alikaza kanga yake kiunoni.

"Wewe, usithubutu!" alisema jirani yetu mmoja.

"Nishikie ngazi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema darasa lina paa. Shika ngazi!"

Jirani alirudi nyuma. Aliyekuja kuishika ni mke wa mzee mwenye duka. Aliikamata ngazi kwa mikono miwili, akasema, "Panda, dada yangu, mimi nipo," na mama akapanda. Nilimwona akivuka ukingo, miguu yake ikitafuta mbao, kisha akajitupa kifudifudi juu ya lile bati na kulilaza kwa uzito wa mwili wake. Nyundo ikalia. "Lingine!" alisema mama. Akina mama wakaanza kupitishiana mabati, hata yule jirani, tena yeye ndiye aliyekuwa akiharakisha wenzake. Sisi tulipanda ngazi nusu na makopo ya misumari. Kila bati liliposhika tulipiga kelele kama watu walio kwenye mpira, na juu mama yangu alikuwa anacheka, nywele zimefunguka, anamwamuru mwalimu mkuu asogee, na mwalimu mkuu anasogea.

Bati la mwisho lilipigiliwa huku mvua ikiwa imeshafika mtoni. Walishuka nusura waanguke. Tukakimbilia ndani sote, na mvua ikatua juu yetu kwa kishindo ambacho sijakisahau. Hakuna tone lililoingia. Tulipiga mayowe yasiyosikika. Mwalimu mkuu alikuwa anafungua mdomo anasema kitu, pengine hotuba, hakuna aliyemsikia, basi akaacha na kuanza kucheza. Mama yangu na mke wa mwenye duka walikuwa wameshikana, wanalia na kucheka.

Jumamosi baba aliposhuka garimoshi pale Malaba, wapagazi wa stesheni walikuwa wameshamwambia. Tulijua kwa jinsi alivyotembea. Hakusalimu. Alisimama mlangoni na begi lake.

"Mama watoto. Ni kweli ulipanda?"

"Ni kweli."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watoto wako wote, na mwalimu wao."

Baba alitazama mikono ya mama, iliyokuwa imekatwakatwa na kingo za mabati.

"Misumari ilishika?" aliuliza mwishowe.

"Nenda ukaangalie mwenyewe."

Akaenda. Nilimfuata kwa mbali. Alizunguka darasa lile, akalisukuma kwa bega, akaingia ndani na kukaa juu ya mojawapo ya mawe tuliyokuwa tumeyahamishia humo. Kisha akachukua ngazi, akapanda, akakagua msumari mmoja mmoja kama anakagua reli. Watu walianza kukusanyika kuona kama ataling'oa paa la mkewe. Aliposhuka alimkuta mwalimu mkuu amesimama pale na baiskeli yake.

"Limeshika," baba alimwambia. "Lakini watoto hawawezi kukaa kwenye mawe ndani ya nyumba nzuri hivi. Jumamosi ijayo nitakuja na msumeno."

Madawati ya darasa letu aliyaunda baba yangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, pamoja na mzee mwenye duka aliyeleta mbao, na wanaume wengine waliokuja kwanza kutazama kisha wakapewa randa. Hakuna mkosi uliotufuata. Kamati ya shule ilipochaguliwa, mama aliingizwa kwa kelele, bila hata kuhesabu mikono, na alikaa humo hata baada ya mimi na wadogo zangu kumaliza. Mwalimu mkuu hakuhitaji tena kututuma nyumbani kuwaita wazazi. Mkutano wa muhula uliofuata walikuja kabla ya kengele, wakakaa kwenye madawati yetu, magoti yamegonga mbao, wakaanza kuzozana kuhusu uji: kama watoto wapikiwe wa mtama au wa mahindi, na kuni zitoke kwa nani. Sisi tulisimama nje madirishani tukisikiliza. Mama alikuwa upande wa mtama, baba upande wa mahindi, na hakuna aliyekuwa tayari kukubali.